Uchungu Kwenye Kiti cha Wageni

Jumanne ya tarehe kumi na saba Agosti, mwaka ule ambao magharibi yote ya Sydney ilikuwa imefungiwa ndani na korona, Emérance alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha hospitali, mgongo ameupinda kama alivyoagizwa, miguu ikining'inia. Daktari wa usingizi alimpaka kitu cha baridi kwenye uti wa mgongo na kumwambia asitikisike. Mumewe, Venant, alisimama mbele yake akiwa amemshika mabega, barakoa imemshuka chini ya pua. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye nyumba ya wazee anakofanya zamu, na bado alinukia sabuni ya kule.

Sindano ikaingia. Ilipotimu saa nne na dakika ishirini asubuhi uchungu ulimtoka Emérance, ukateremka kitandani kwa upande wa kushoto, ukavuta kiti cha wageni na kukaa.

Ulikuwa na kimo chake na mapaja yake mapana, miguu peku, na ulijifunga kitenge cha njano ambacho Emérance alikiacha katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu siku aliyopanda ndege kuja Australia. Kila baada ya dakika tatu ulishika kingo za kiti, ukafumba macho, kiti kikalia, kisha ukaachia. Daktari aliandika saa kwenye karatasi yake ya waridi, akakusanya vifaa vyake, akaenda chumba cha pili. Emérance akavuta pumzi ndefu ya kwanza tangu alfajiri.

Mkunga aliingia kupima mapigo ya moyo ya mtoto, akahesabu vichwa. Amri ya msimu ule ilikuwa mgonjwa mmoja, mgeni mmoja, na pale palikuwa na wawili. Aliuliza kwa adabu nani atabaki. Venant alijitetea kwamba ule ni uchungu wa mke wake mwenyewe, hauwezi kuitwa mgeni. Mkunga alikubali kuwa ni wa mke wake, lakini akasema kiti kile ni cha wageni na umekikalia. Walijaribu kuupeleka ukangoje karibu na lifti; ulipofika hatua kama ishirini Emérance alianza kuvutwa kiunoni, ikabidi urudishwe. Basi ukapewa barakoa na stika ya mgeni, naye Venant akateremka kwenda kukaa ndani ya gari. Alimwona mwanawe akizaliwa saa nane mchana kwenye skrini ya simu, picha ikikwama na kuendelea.

Mtoto alikuwa wa kiume, kilo tatu na nusu, wakamwita Akilimali. Uchungu ulisimama kidogo kumtazama, ukarudi kitini. Mkunga alieleza kwamba dawa ikiisha mwilini kila kitu kitarudi mahali pake. Dawa iliisha jioni. Uchungu haukurudi, maana kazi iliyouleta ilikuwa imeshafanyika, wala haukuisha, kwa sababu uchungu huisha kwa kusikiwa, na huu hakuna aliyeusikia. Emérance aliusogezea blanketi.

Hapa inafaa kusema jambo kuhusu akina mama wa kanisa lao la Granville. Mwanamke akijifungua, wao huenda kumtazama wakiwa na uji kwenye chupa ya chai, na kabla ya kifuniko kufunguliwa, mkubwa wao huuliza: ulizaa kwa nguvu zako? Jibu ni moja tu. Aliyepasuliwa huonewa huruma, lakini aliyechomwa sindano ya kutuliza uchungu hutazamwa kama mtu aliyekula harusi bila kuchangia. Emérance alimzaa binti yake Divine kambini, juu ya kitanda cha turubai, bila hata kuuma kitambaa, na sifa ile alikuwa ameila miaka tisa. Wala asionekane mnyonge sana katika hadithi hii. Swali hilo yeye mwenyewe alikwisha kuwauliza wenzake wengi, kwa sauti tamu kabisa.

Siku ya pili muuguzi alikuja na kimfuko kidogo cha plastiki chenye gundi, akambandika Akilimali mahali pa mkojo, akangoja, akaondoka nacho. Emérance alidhani ni jambo la kawaida, kama chanjo. Hakuna aliyemwambia kwamba jina lake lilikuwa na alama kwenye kompyuta kwa sababu alikosa miadi miwili ya kliniki. Miadi yenyewe ilikuwa imehamishiwa kwenye simu kwa ajili ya korona, na simu zilipigwa kutoka namba isiyoonekana, na hakuna nyumba ya Mkongo kuanzia Doonside hadi Granville inayopokea namba isiyoonekana, kwa jinsi matapeli walivyowaliza watu. Kwa hiyo hakupokea, kwa hiyo akawa mama wa kutiliwa shaka, kwa hiyo mkojo wa mtoto wake ukapelekwa maabara.

Maabara ilikuta dawa ya jamii ya afyuni. Ingeachaje kuikuta? Ilikuwa ndani ya ile sindano ya mgongo, iliyochomwa katika ghorofa hiyohiyo na daktari anayelipwa na hospitali hiyohiyo. Lakini karatasi ya waridi ilikuwa imefungiwa kabatini na majibu ya maabara yalikuwa kwenye kompyuta, na vitu hivyo viwili havikuwahi kuonana. Hospitali ilimtia mtoto dawa kwa mkono mmoja, ikaikuta kwa mkono wa pili, ikamgeukia mama yake kumuuliza ameitoa wapi.

Swali lililetwa Alhamisi na mama mmoja wa ustawi wa jamii, mwenye kamba ya kitambulisho ya rangi nyingi shingoni na simu iliyowekwa kwenye spika. Kwenye simu alikuwapo mkalimani. Wakalimani hawataji majina, hutaja namba, na huyu alijitaja kuwa namba mia tano na mbili. Emérance aliijua sauti ile kabla haijamaliza namba. Ilikuwa ya Mama Goreth, anayeongoza kwaya ya akina mama Granville, na ambaye Jumapili hadi Jumapili huwa wa kwanza kushika chupa ya uji.

Namba mia tano na mbili akatafsiri, kama ilivyo, kwamba wanataka kujua iwapo mama ametumia dawa yoyote, ya aina yoyote, kabla au wakati wa kujifungua.

Emérance aliutazama uchungu. Nao ulimtazama. Zilikuwa zimepita dakika tatu, kwa hiyo ulishika kingo za kiti.

"Hapana," Emérance akasema. "Sikukunywa dawa, sikuchomwa kitu. Nilizaa kwa nguvu zangu."

Goreth akatafsiri. Mama wa ustawi wa jamii akaandika kwamba mama anakana, akapiga mstari chini ya neno hilo, akauliza kama mgeni yule angependa maji.

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa ajili ya kikombe cha uji na sifa ya kanisani, Emérance alijifunga kitanzi mwenyewe, na atakuja kujilaumu kwa hilo maisha yake yote. Lakini kitanzi hakikusokotwa naye. Waliouliza walikuwa na karatasi yenye jibu kabatini mwao wenyewe, vyumba sita kutoka pale, na hakuna aliyenyanyua mguu kwenda kuisoma.

Ijumaa alikuja afisa wa ulinzi wa watoto, jina lake Leanne, mwenye barakoa na ngao ya plastiki usoni. Leanne alikuwa mtu mwema, mwenye sauti ya chini, na wema wake ulimchosha Emérance kuliko ukali. Alieleza kwamba kuna njia mbili. Mtoto anaweza kubaki hospitali mpaka uchunguzi uishe, au anaweza kwenda nyumbani chini ya mpango wa usalama wa majuma kumi na mawili. Katika mpango huo mama hatakiwi kubaki peke yake na mtoto hata dakika moja. Lazima awepo mtu mzima mwingine, anayeishi humohumo ndani, kwa kuwa wageni wamekatazwa na serikali.

Venant, aliyekuwa kwenye simu kutoka garini, alisema yeye hawezi kuacha zamu. Wenzake nusu walikuwa karantini na wazee walikuwa wakifa bila mtu wa kuwashika mkono. Divine alikuwa na miaka tisa. Dada wala shangazi hawakuwa na kibali cha kuvuka wilaya. Leanne alipekua fomu yake, akanyanyua macho, akauliza yule aliyekaa kwenye kiti anaishi wapi.

"Ni wangu," Emérance akasema. "Nikienda nyumbani, nao unaenda."

Hilo lilimfaa Leanne. Akaanza kujaza fomu ya mtu mzima wa pili. Jina: Uchungu. Jina la ukoo wakaandika la Emérance. Uhusiano na mama: Leanne alifikiri kidogo, akachagua "jamaa". Alipouliza tarehe ya kuzaliwa, Emérance, aliyekuwa ameapa moyoni kutosema tena uongo, alitaja Jumanne iliyopita, saa nne na dakika ishirini. Kompyuta ilikataa, kwa kuwa msimamizi lazima awe amefikisha miaka kumi na minane. Basi wakaweka tarehe mosi Januari, kama alivyoandikiwa Emérance mwenyewe na watu wa shirika la wakimbizi, na Venant, na nusu ya kanisa. Mwaka wakauweka wa Emérance. Jina likapelekwa polisi kuchunguzwa, na jibu lilirudi baada ya saa mbili kwamba Uchungu hauna rekodi yoyote mbaya. Mwenye rekodi alikuwa Emérance.

Hivyo Akilimali alifika nyumbani Doonside Jumamosi, akiwa amepakatwa na mama yake, huku uchungu umekaa kando kwenye kiti cha nyuma cha gari, umefunga mkanda.

Ndani ya nyumba uchungu haukuwa na makuu. Uliosha vyombo, ulikunja nguo, ulilala kwenye kochi. Kila baada ya dakika tatu uliacha ulichokuwa ukifanya, ukashika kilichokuwa karibu, mlango wa friji au bega la mtu, kisha ukaendelea. Divine, aliyekuwa akisoma kwa kompyuta mezani, aliuzoea kwa siku mbili. "Mum, she's using the good plates," alisema, na Emérance akamjibu kwa Kiswahili kwamba mgeni hutumia sahani nzuri. Mwalimu wa Divine aliuona ukipita nyuma ya kamera, akaupungia mkono.

Mpango ndio uliokuwa mgumu. Uchungu ulipoingia bafuni kuoga, ilimbidi Emérance amlaze Akilimali kitandani, atoke nje, asimame barazani na kufunga mlango nyuma yake, mpaka umalize. Leanne alikuwa amesisitiza, hata dakika moja. Agosti ya Doonside ina baridi ya kutoboa mifupa. Akiwa barazani alimsikia mwanawe akilia ndani, maziwa yakamtiririka na kulowesha gauni, na jirani wa ng'ambo, mzee mwenye mbwa, alimsalimia kila mara kwa kichwa. Nani mwingine duniani huwekwa nje ya mlango wa nyumba yake, maziwa kifuani, ili mtoto wake awe salama? Hasira ilimpanda Emérance hadi masikioni. Hakuwa na pa kuipeleka, basi akawa anang'oa majani kwenye vyungu vya maua, mpaka yakaisha.

Venant alipiga simu hospitali. Alisikilizishwa muziki, akapelekwa idara moja, akarudishwa ya kwanza. Mwishowe akaambiwa karatasi ya daktari wa usingizi hutolewa kwa maombi ya maandishi, na maombi hushughulikiwa na kamati ileile iliyopeleka taarifa kwa Leanne. Ilikuwa kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Alijaza fomu hata hivyo, akaambatanisha nakala ya pasi.

Leanne alikuja kila Jumatano. Aliangalia ndani ya friji, aliangalia kitanda cha mtoto, akauuliza uchungu kama kuna jambo lolote la kutia wasiwasi. Uchungu ulitikisa kichwa. Juma la tano Emérance alimwambia Leanne, kwa Kiingereza chake alichojifunza kazini kwenye ghala la Wetherill Park, kwamba shahidi ndiye huyo hapo, amekaa. Kama pasingekuwa na sindano, uchungu huu ungekuwa umekaa kwenye kochi lake unakunja nepi? Ulitoka saa ngapi, ulitolewa na nani, uulizwe wenyewe.

Leanne alikiri kwamba hilo lina mantiki. Alitoa fomu ya maelezo ya shahidi. Fomu ilitaka vitambulisho ambavyo pointi zake zikijumlishwa zinafika mia: pasi, leseni ya udereva, kadi ya matibabu, bili ya umeme. Uchungu ulikuwa na stika ya mgeni, imeanza kubanduka pembe moja. Stika haikuwa na pointi. Emérance alihoji imekuwaje mtu anayefaa kumlinda mtoto wake mchana kutwa hafai kusema aliyoyaona. Leanne alisema kwa upole kwamba hizo ni fomu mbili tofauti.

Usiku ule Emérance na mumewe walikuwa wakikunja shuka. Venant alisema sasa imebaki njia moja, aseme mwenyewe. Emérance akasema atakayetafsiri ni Mama Goreth, na kufikia Jumapili Granville yote itajua.

"Wajue," Venant akasema. "Mtoto ni wako ao ni wa kwaya?"

Bado alichelewa. Aibu haitoki mwilini kwa siku moja, nayo haina sindano. Juma la kumi na mbili, amri ya kukaa ndani ilipokuwa imeshaondolewa na watu wakikata nywele kwa fujo, Leanne alikuja kwa kikao cha mwisho, akaweka simu mezani. Namba mia tano na mbili akajitaja. Swali likaulizwa lilelile, neno kwa neno, kwa kuwa limechapwa kwenye fomu.

Emérance alimpa uchungu mtoto, akavuta kiti karibu na simu.

"Maman Goreth, ninajua ni weye. Ambia huyu mama hivi. Nilichomwa sindano. Ya mgongo. Si mimi nilijichoma, ni ba-docteur ba hôpital balinichoma, saa ine na dakika makumi mbili. Na ile siku ya kwanza nilikatala juu ya haya. Niliona haya juu ulikuwa weye."

Kisha Goreth akatafsiri yote kwa Kiingereza, pamoja na jina lake na ile haya, bila kupunguza neno. Leanne aliandika kwa muda mrefu. Alichoandika alikisoma kwa sauti ili kiwe wazi: kwamba mama amebadilisha maelezo yake.

Juma lililofuata barua ya hospitali ilifika. Ilithibitisha katika mistari miwili kwamba sindano ilichomwa, na dawa iliyokutwa ndiyo iliyokuwamo. Hapakuwa na mstari wa kuomba radhi. Mpango ukafungwa. Venant alimwomba Leanne sasa ile taarifa ya kwanza ya dawa ichanwe. Leanne alishangaa kwamba hajaelewa. Faili la mtoto huongezwa, halipunguzwi. Dawa zilikutwa, hilo ni kweli. Mama alikana, hilo pia ni kweli. Barua ya hospitali itawekwa nyuma ya hizo, na atakayetaka kuisoma ataisoma. Faili litahifadhiwa mpaka Akilimali awe mtu mzima, na zaidi. Aliwatakia heri, akaupa uchungu mkono, akaondoka.

Jumapili alasiri Mama Goreth alikuja Doonside mwenyewe, na sufuria ya sombe, yaani kisamvu, imefungwa kwa kitambaa. Hakuuliza swali lake la siku zote. Alikaa kwenye kochi kando ya uchungu, akakitazama kile kitenge cha njano, akasifu rangi.

"Mimi niko nao wawili," alisema. "Wa Olivier wangu na wa mdogo wake. Wanakaa garage tangu 2014. Wanasaidia kupanga viti vya kwaya."

Emérance alimuuliza kwa nini basi hakusema siku ile. Aliyajua yote, alikuwa kwenye simu, angesema neno moja tu. Goreth alijibu kwamba mkalimani anakatazwa kuongeza lake. Angeongeza, wangemfukuza, na kazi ile ndiyo iliyomlea Olivier. Alilia kidogo, akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ile ilikuwa imechota siri za akina mama wa Granville kwa miaka saba bila kumwaga tone. Emérance alikuwa na hasira naye na alikuwa na njaa. Walikula.

Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani na uchungu wake mchana kweupe. Watu walijisogeza kwenye benchi. Juma la pili Goreth alikuja na wake wawili, wanaofanana kama pacha. Juma la tatu wahudumu waliongeza safu mbili za viti nyuma, na kufikia Krismasi ilikuwa ngumu kusikia mahubiri kwa jinsi viti vilivyolia kila dakika tatu. Mchungaji alijifunza kunyamaza kidogo na kungoja. Swali la uji halikuulizwa tena Granville. Nami nalitaja hilo kwa kuwa ndilo jambo pekee katika kisa hiki lililorekebishwa, na lilirekebishwa na wanawake bila fomu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, Emérance alirudi katika hospitali ileile kujifungua mtoto wa tatu. Hakuwa amekosa miadi hata mara moja. Namba zisizoonekana zote alizipokea, na matapeli wawili walimfaidi. Wageni sasa waliruhusiwa wawili, kwa hiyo Venant alisimama upande mmoja na uchungu wa zamani ulikaa upande wa pili, na stika mpya kifuani.

Daktari wa usingizi alikuja na kisanduku chake. Emérance alimwambia hapana, asante. Hakukataa kwa ajili ya kwaya, kwani Goreth mwenyewe alikuwa amemsihi akubali. Alikataa kwa sababu ya baraza la Doonside. Alikuwa amepiga hesabu yake: asipochomwa kitu hakuna kitakachokutwa, na uchungu ule wa zamani akiusikia wote hadi mwisho, ile sindano ya kwanza itakuwa kama haikuwahi kuwapo. Mchana ulipofika na uchungu mpya umekaza, alinyoosha mkono kwenye kiti cha wageni.

"Njoo," alisema. "Tumalizane."

Uchungu ulibandua stika, ukaiweka mezani. Ulifungua kitenge, ukakikunja vizuri na kukiacha kitini, ukapanda kitandani na kuingia ulimotokea. Kwa saa tatu Emérance alisikia uchungu wa watoto wawili kwa pamoja. Kambini hakuwa ametoa sauti. Safari hii alipiga kelele zilizofika kwenye lifti. Alipiga kelele kwa ajili ya mwili wake, na kwa ajili ya baridi ile, na maziwa yaliyopotea, na mtoto aliyelia ndani ya mlango uliofungwa. Mkunga alimshika mguu akamwambia anaendelea vizuri sana. Saa tisa na nusu alizaliwa msichana, wakamwita Vanessa. Kiti cha wageni kilikuwa kitupu, na juu yake kitenge cha njano.

Asubuhi muuguzi aliingia na kimfuko kidogo cha plastiki chenye gundi.

Emérance aliuliza ni cha nini. Muuguzi, kijana mwenye macho ya usingizi juu ya barakoa, alimgeuzia skrini ya kompyuta. Hakukuwa na ubaya wowote, alisema, ni kwa sababu ya historia. Kwenye mstari wa kwanza palisomeka kwamba dawa zilikutwa kwa mtoto aliyetangulia. Kwenye wa pili, kwamba mama alikana, kisha akabadilisha maelezo. Venant alisema kuna barua. Muuguzi alisema huenda ipo kurasa za nyuma, lakini yeye haruhusiwi kufungua zaidi ya ukurasa wa kwanza. Alimbandika Vanessa kimfuko, akangoja, akaondoka nacho.

Majibu yalitoka Alhamisi. Hakikukutwa chochote. Yakawekwa nyuma ya mengine. Ilibaki tu kujaza fomu, muuguzi akaweka simu kitandani, na namba mia tano na mbili akajitaja kwa sauti iliyopwaya. Aliuliza, kama ilivyo, iwapo mama ametumia dawa yoyote, ya aina yoyote, kabla au wakati wa kujifungua.

"Hapana," Emérance akasema. "Sikuchomwa kitu."

Goreth akatafsiri. Muuguzi akaandika, kisha akamsomea mama alichoandika, kwa Kiingereza cha haraka, kwa kuwa ni haki yake kusomewa.

"Ameandika nini?" Emérance akauliza.

"Ameandika kwamba mama anakana," Goreth akasema.